Pentax Papilio II 6.5x21: darubini ya kutazamia sungura wa uani, ila giza hailiwezi

Ukikaa Columbus, Minneapolis au Toronto huna haja ya kulipia safari ili uone mnyama wa porini. Yupo hapo nje, kwenye nyasi za jirani: sungura mwenye kijimkia cheupe kama pamba, Sylvilagus floridanus kwa jina la kitaalamu. Mara nyingi anakula mita 3 mpaka 20 kutoka dirishani, na akiwa karibu zaidi ndipo darubini nyingi zinaposhindwa. Zile za watazama ndege kwa kawaida hazishiki picha safi chini ya mita 2 au 3, na za bei poa mara nyingi huanzia mbali zaidi. Papilio inaanzia nusu mita.

Siri iko ndani. Ukizungusha gurudumu la katikati kuleta kitu cha karibu, lenzi mbili za mbele zinasogeleana, kwa hiyo macho yote mawili yanabaki na duara moja. Darubini ya kawaida ikilazimishwa kuangalia karibu hutoa maduara mawili yanayopishana, na baada ya dakika chache kichwa kinagonga.

Inakuza mara 6.5 tu, na wengi huidharau kwa sababu hiyo. Piga hesabu: sungura wa mita 13 anaonekana kama yuko mita 2. Hapo unaona baka la rangi ya kutu kisogoni, sharubu, na pua isiyotulia. Mtazame akikata ua la dandelioni. Anauma bua kwa chini, kisha linaingia mdomoni taratibu kama tambi, halishikwi na mguu wowote, taya zinakwenda upande kwa upande mpaka kinabaki kichwa cha ua peke yake mdomoni. Nacho kinaingia. Kwa macho matupu hilo lote ni kidoa cha kahawia kinachotikisika.

Upana wa picha ni digrii 7.5, yaani kama mita 1.3 kwa kitu kilicho mita 10. Wanatosha sungura wawili. Ni muhimu kuanzia mwisho wa baridi, wanapoanza kuchumbiana: wanakabiliana, jike anarusha miguu ya mbele kama bondia, halafu ghafla mmoja anaruka juu na mwenzake anapita chini yake. Toleo la 8.5x21 lina digrii 6 tu na linaonyesha zaidi mtikisiko wa mikono. Kwa sungura, liache dukani.

Sasa kasoro, na ni kubwa. Sungura hawa wanachangamka alfajiri na magharibi, wakati lenzi ya milimita 21 inaishiwa nguvu. Gawanya 21 kwa 6.5: mwanga unaofika jichoni ni kiduara cha milimita 3.2, ilhali mboni gizani inapanuka milimita 5 hadi 7. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 kwa lenzi ya milimita 42, inatoa 5.25, na lenzi yake ina eneo mara nne. Kwa hiyo Papilio ni nzuri mpaka jua linapozama na dakika chache baadaye. Kisha sungura anageuka kivuli chenye masikio. Anayerudi kutoka kazini saa mbili usiku anunue 8x42, akubali uzito wa gramu 600 na zaidi badala ya 290 za hii.

Kuirekebisha: funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione unyoya mmoja mmoja. Kisha funga la kushoto, usiguse tena gurudumu, rekebisha pete ya jicho la kulia. Mwenye miwani ashushe vikombe vya macho. Nafasi ya milimita 15 kati ya jicho na lenzi inatosha kwa miwani myembamba, lakini yenye fremu nene itakata kingo za picha.

Dirishani, zima taa ya chumbani na uelekeze darubini kioo kikiwa mbele yako moja kwa moja. Ukitazama kwa mshazari kupitia vioo viwili, picha inafifia na lawama inaiangukia darubini bure. Wakati wa baridi kali usifungue dirisha, maana hewa ya joto inayotoka itaifanya picha ichezecheze.

Haizuii maji. Ukitoka nayo kwenye barafu, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuingia ndani, uiache humo mpaka ipate joto la nyumba. Vinginevyo ukungu unashika ndani ya lenzi, ambako kitambaa hakifiki.

Na hiyo nusu mita isikushawishi kusogelea kiota. Sungura wa hadithi zetu, yule anayempiga chenga fisi, ni wa jenasi nyingine, Lepus, ambaye watoto wake huzaliwa na manyoya na macho wazi. Huyu wa Marekani huzaa vitoto vipofu, uchi, ndani ya kishimo kifupi kwenye nyasi kilichofunikwa kwa majani na manyoya ya mama. Mama hunyonyesha kama mara mbili kwa siku, dakika chache tu, alfajiri na jioni, kisha anakaa mbali ili asiwaonyeshe adui. Wengi hudhani watoto wametupwa, wakawaokota. Ukiwa na wasiwasi, pitisha nyuzi chache juu ya kiota kwa umbo la msalaba, ondoka, kesho yake angalia kwa darubini kutoka mbali. Nyuzi zikiwa zimesogea na kifuniko kimerudishwa, mama anakuja. Mashine ya kukata nyasi isubiri wiki tatu.