Babu yangu Heide: miezi 3 na programu ya kutafuta ukoo

Nililipia programu ya simu ya kutafuta ukoo kwa miezi 3 (jina lake naliacha). Kuchora mti ni rahisi, picha zinapanda haraka, na kama babu zako ni wa Uingereza au Marekani huenda hela yako isipotee. Sisi kwetu ni Machame, Kilimanjaro.

Nilianza kwa kuandika Swai, jina la ukoo wetu, kimya. Baadaye ndiyo nikaelewa: kwenye daftari la ubatizo, babu mzaa babu ana jina la Kikristo, jina lake la Kichaga na la baba yake, basi. Ukoo haukuandikwa. Tena Wajerumani waliandika Madschame na Moschi, kwa hiyo ukitafuta kwa tahajia ya leo unapitwa.

Daftari lenyewe nililikuta usharikani. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, na vitabu vya mwanzo ni vya Kijerumani. Katibu aliniruhusu kupiga picha ukurasa mmoja, mikono ikiwa mikavu. Mwandiko ule wa zamani ni kazi! Herufi e imefanana na n, hivyo babu huyo, Ndesario, nilimsoma Ndnsario. Pembeni, safu ya baba, baada ya jina lake, paliandikwa vizuri kabisa: Heide. Nilishangilia peke yangu kwenye daladala. Usiku huohuo nikamwingiza Heide kwenye mti, na siku ya pili programu ikaniletea "jamaa" 14 wa Ujerumani. Nikawatumia ndugu zangu wote.

Wiki mbili nilikuwa na babu Heide. Kisha nikampelekea picha mchungaji mstaafu anayejua Kijerumani. Alicheka hadi akavua miwani. "Mjukuu wangu, Heide maana yake mpagani. Baba yake hakubatizwa, ndiyo wameandika." Akanionyesha na "um 1885": yapata 1885, yaani mmisionari alimtazama mtu usoni akakadiria. Programu ilikuwa imeshauweka kama mwaka kamili wa kuzaliwa.

Baba mkubwa, kule kihambani (shamba la ukoo), alinitajia majina ya vizazi 5 tukiwa tumesimama kwenye masale, mimea ya mpakani, hata kahawa haijapoa. Ndiyo niliyoyaandika, nikayalinganisha na ule ukurasa mmoja, yakakaa.

Kwa mti wenyewe sasa natumia tovuti ya FamilySearch, ni bure. Na picha za zamani za misheni ya Leipzig huku Kilimanjaro zipo bure kwenye hifadhi ya picha ya University of Southern California. Tafuta huko kabla hujalipa popote.

Nyota 2 kati ya 5, na moja ni ya muonekano tu. Ukijiunga, kumbuka kusitisha malipo mapema, maana wanakata wenyewe. Mwezi wa tatu mimi sikuutaka. Nimeshajitoa, lakini binamu yangu niliyemwalika bado anatumiwa ujumbe kwamba jamaa wapya wa Heide wamepatikana.