Skana ya kuhakiki dawa: ninavyoiona kutoka meza ya kupokea mzigo

Mimi ni mfamasia wa mapokezi. Katoni haiingii stoo kabla sijaifungua, na ankara haiendi kwa mhasibu kabla sijaisaini. Kwa hiyo huduma hii ya kuhakiki dawa naipima kwa swali moja tu: inanisaidia kukataa mzigo mbovu, au inanichelewesha kupokea mzigo mzima?

Unachonunua ni skana ya mkononi, programu ya kompyuta, na akaunti inayoulizia hifadhidata ambako watengenezaji wamesajili pakiti zao. Kwenye kila pakiti kuna kimraba cha vidoti kinachoitwa DataMatrix, na ndani yake mna mambo manne: namba ya bidhaa, namba ya toleo (yaani ya kundi la dawa zilizotengenezwa pamoja), tarehe ya kuisha muda, na namba ya pekee ya pakiti hiyo. Hiyo ya mwisho ndiyo unayoilipia. Namba ya toleo iko kwenye maelfu ya maboksi, na tapeli akishika boksi moja halali anaichapa atakavyo. Namba ya pekee nayo inanakilika, sikatai. Lakini pakiti halali ikishatolewa kwa mgonjwa, namba yake huzimwa kwenye hifadhidata, na nakala yoyote itakayopita mbele ya skana baada ya hapo inaleta skrini nyekundu.

Programu yetu imefuata mtindo wa Umoja wa Ulaya, ulioanza kutumika 9 Februari 2019: mtengenezaji anasajili mwanzoni, mtoa dawa anazima mwishoni. Marekani, kwa sheria yao ya 2013, walichagua kila anayeuza mzigo akabidhi na taarifa zake kwa anayenunua. Mtindo wetu ni mwepesi zaidi kwa kazi ya kila siku, ila katikati una mwanya. Msambazaji halazimiki kuskani kila pakiti, kwa hiyo bandia inaweza kusafiri mbali kabla ya kukutana na mtu mwenye skana.

Kasi yake sina neno nayo. Inasoma hata pakiti iliyofungwa nailoni, na ikigoma kwenye boksi linalong'aa, iinamishe kidogo tu, itakubali.

Kinachoudhi ni kengele za uongo, na nyingi hazina uhusiano wowote na dawa. Skana hii inajifanya kibodi: ikisoma msimbo, inaichapia kompyuta herufi moja moja. Caps Lock ikiwa imewashwa, herufi kubwa zinageuka ndogo, mfumo hauitambui namba, na dawa halali inaitwa mtuhumiwa. Kompyuta ikipangwa kwa kibodi ya lugha nyingine, Y inakuwa Z, matokeo ni yale yale. Tena kuna alama isiyoonekana inayotenganisha namba ya pekee na kinachofuata. Programu ikiimeza, namba mbili zinaungana kuwa moja isiyojulikana popote. Fundi wa muuzaji alitaka kuanza kwa kubadilisha skana. Skana haikuwa na tatizo, mpangilio ndio uliokuwa na tatizo. Nalikazania hili kwa sababu kengele ikilia ovyo, vijana wa kaunta wanajifunza kubonyeza "endelea" bila kusoma, na siku ya bandia ya kweli watabonyeza vile vile.

Jambo la pili, ambalo kipeperushi hakilisemi: skana inakagua boksi. Haijui kilichomo. Boksi tupu ambalo namba yake haikuzimwa ni mtaji kwa mtu anayeokota maboksi, maana akilijaza chochote litasomeka kijani. Ukishafungua boksi ukauza kidonge kwa ukanda, ule ukanda unaondoka bila msimbo wowote. Na dawa duni iliyotoka hivyo kiwandani itapita salama. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu sharubati nne za watoto zilizogunduliwa Gambia zikiwa na diethilini glikoli na ethilini glikoli, kemikali zenye sumu. Hiyo ni kazi ya maabara, skana haina macho ya huko.

Lakini tahadhari kama hiyo ikitoka, ndipo ninapoipenda programu hii. Naingiza namba ya toleo, inanionyesha pakiti zilizobaki na rafu zilipo, pamoja na tarehe ambazo nyingine zilitoka. Kazi hiyo zamani ilikuwa ya kupekua madaftari huku simu zikiita. Kusema kweli, ripoti hii naitumia kuliko kengele.

Wapo watakaouliza kwa nini tusibaki na lebo za kukwaruza na kutuma ujumbe wa simu, kama zilizoenezwa na mPedigree ya Ghana. Mimi nazipenda. Hazihitaji kompyuta, na ukaguzi unabaki mkononi mwa anayemeza dawa. Ila zinategemea mgonjwa mwenye homa akumbuke kukwaruza, na mimi wa mapokezi siwezi kukwaruza katoni nzima, kwani nitakuwa nimeziharibu lebo kabla hazijamfikia mwenyewe.

Kwa famasi yenye mzigo mwingi na mtandao wa kuaminika, nunueni. Ila kabla ya kusaini mkataba, mwambieni muuzaji alete skana kwenye kompyuta yenu wenyewe, awashe Caps Lock, asome pakiti mbele yenu. Kisha achomoe waya wa mtandao. Yetu mtandao ukikatika inatunza maombi ya kuzima na kuyatuma baadaye, jambo zuri, lakini haiwezi kuhakiki chochote. Inaonyesha rangi ya kijivu tu, na mzigo unabaki mlangoni na dereva wake mpaka mtandao urudi.