Kuzuru majumba ya sanaa ya Nairobi: mchana mmoja, vituo vitatu

Ziara niliyoilipia Jumamosi iliyopita, ambayo huandaliwa na kundi dogo la waongozaji nisilolitaja hapa kwa kuwa nina malalamiko kidogo juu yake, imekusudiwa kuwaenzi wanawake walioanzisha na kuendesha majumba ya sanaa jijini Nairobi. Kwa sehemu kubwa, ada niliyotoa haikupotea bure.

Tulianzia Standard Street, lilikokuwa Gallery Watatu, na kwa kuwa jumba hilo lilikwisha kufungwa, mgeni hana budi kusimama kando ya barabara na kutumia masikio tu. Hapo mwongozaji wetu alikuwa hodari. Alieleza kwamba jina lilitokana na waanzilishi wenyewe wa mwaka 1969, yaani Yony Waite, Robin Anderson na David Hart, wanawake wawili na mwanamume mmoja; kisha akamfikia Ruth Schaffner, Mmarekani mzaliwa wa Ujerumani, aliyelichukua jumba katikati ya miaka ya 1980 na kuliendesha hadi alipofariki mwaka 1996. Ni katika kipindi hicho ambapo wachoraji wasio na shahada ya sanaa, akiwemo Sane Wadu na Jak Katarikawe kutoka Uganda, walipata ukuta wa kutundika kazi zao na mtu wa kuzitetea bei.

Kasoro ni kwamba Schaffner alisimuliwa kama mfadhili mwenye huruma, ilhali alikuwa mfanyabiashara, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo heshima yake. Anayemsaidia msanii kwa huruma anaweza kuchoka mwezi ujao. Anayeishi kwa kamisheni hulazimika kumtafutia mnunuzi. Nilipouliza kama kutegemea sana watalii na wageni hakukuathiri aina ya picha zilizochorwa, nilijibiwa kwa tabasamu.

Jambo lililonivutia zaidi lilipewa dakika mbili. Tulipitishiwa nakala ya picha ya Rosemary Karuga, aliyehitimu Makerere mwaka 1952, akafundisha shule kwa miaka mingi, kisha akarudia sanaa uzeeni na kuonyesha kazi zake Watatu. Nilipoisogeza karibu na macho, kile nilichodhani ni rangi ya brashi kilikuwa vipandevipande vya karatasi za sabuni na pakiti za unga, vimebandikwa kwa subira kama mozaiki. Nakala ikachukuliwa mikononi mwangu kabla sijaimaliza, na hilo bado linaniudhi.

Kituo cha pili kilikuwa Circle Art Gallery, mtaani Lavington, chini ya Danda Jaroljmek, ambaye mwaka 2013 aliandaa mnada wa sanaa ya kisasa ya Afrika Mashariki. Hapa ziara ilipata uhai, kwa sababu tuliona upande wa kazi ambao kwa kawaida haupigiwi makofi: orodha za bei, fremu zilizoegemezwa ukutani zikisubiri zamu, na kumbukumbu za nani alichora nini na lini. Mnada huweka bei hadharani, na bei ikishajulikana msanii hawezi kudanganywa kirahisi.

Tulimalizia mtaani Rosslyn, katika jumba la sanaa la One Off la Carol Lees, ambaye pia pamoja na Mary Collis alianzisha jumba la makumbusho la RaMoMa, lililokwisha kufungwa. Picha zimetundikwa katika yaliyokuwa mazizi ya farasi, na bustanini kuna vinyago vya kuzungukwa kwa miguu. Kwa bahati mbaya, kutokana na ratiba kupangwa bila kuzingatia msongamano wa Limuru Road, tulibakiwa na dakika ishirini na tano.

Anayetaka kujiunga na ziara hii namshauri aombe mapema ianzie Rosslyn asubuhi na kuishia mjini. Nami nitarudi huko peke yangu, siku ya kazi, nikiwa na muda wa kuzunguka bustani yote.