CUPS: miaka minne ya kuendesha printa za shule kwa amri za kuandika

Saa mbili usiku, wiki ya mtihani wa moko, mwalimu wa taaluma alinipigia simu: "Fundi, printa yetu imegoma, na kazi 19 zimo ndani." Nilikuwa kwenye nyumba za walimu, ambako mtandao wa shule unafika. Nikafungua laptopu, nikaingia kwenye seva ya printa kwa ssh (njia ya kuiendesha kompyuta nyingine kupitia mtandao) na kuandika:

`sudo lpmove taaluma maktaba`

Foleni nzima ikahamia printa ya maktaba. Hakuna mwalimu aliyelazimika kurudi kwenye kompyuta yake kutuma upya.

Seva yenyewe ni kompyuta ya mezani iliyokuwa ikila vumbi stoo, hapa shuleni kwetu Morogoro. Niliiwekea Debian, ambayo ni aina ya Linux, na CUPS, programu inayopokea kazi za kuchapa na kuzipanga foleni. Haina skrini wala kipanya. Inapokea kazi zote za taaluma, uhasibu na maktaba, kisha inazigawa kwa printa tatu. Kabla yake kila kompyuta ilizungumza na printa moja kwa moja. Kazi ikikwama, mwalimu anabonyeza tena na tena, na printa ikizinduka inatoa mtihani uleule mara tano. Tumepoteza rimu nyingi kwa njia hiyo, na karatasi ni fedha za ada.

Kinachonifanya niipende CUPS ni kwamba inatenganisha milango miwili. `cupsdisable` inasimamisha printa, lakini walimu wanaendelea kutuma na kazi zinasubiri. `cupsreject` inafunga mapokezi, huku zilizokwisha kuingia zikiendelea kuchapwa. Nikitaka kubadilisha wino natumia ya kwanza, tena kwa `--hold`, ili kazi iliyo mashineni imalizike kwanza. Tukikaribia kufunga ofisi natumia ya pili. Ukiongeza `-r` unaandika na sababu, na yeyote atakayeuliza hali ya printa kwa `lpstat -p` ataisoma: "Wino unabadilishwa." Kwenye madirisha ya kubofya nilikuwa naambiwa tu kwamba printa imesimama. Imesimamishwa na nani, kwa nini, sikuwahi kujua.

Kuongeza printa mpya ni mstari mmoja:

`sudo lpadmin -p taaluma -E -v ipp://192.168.1.40/ipp/print -m everywhere`

Hapa pana mtego. Hiyo `-E` ikikaa baada ya jina la printa, maana yake ni washa na upokee kazi. Ikitangulia `-p`, maana yake inageuka kabisa: inadai mawasiliano yafichwe kwa usimbaji. Herufi moja kubeba maana mbili kwa kufuata mahali ilipokaa ni kosa la usanifu, na lilinipotezea mchana mzima, printa ipo kwenye orodha lakini haipokei kitu.

Jambo la pili linaloniudhi ni daftari la kurasa, `page_log`. Mhasibu alitaka kujua kila idara inatumia karatasi ngapi, nami nikamwahidi kwa kujiamini. Nilipofungua faili, tupu. Kumbe mstari wa `PageLogFormat` ndani ya `cupsd.conf`, faili la mipangilio ya CUPS, usipojazwa, hakuna kinachoandikwa. Nikaujaza, nikaanza kuhesabu upya kuanzia siku hiyo. Sasa kila mwisho wa mwezi anapata hesabu yake, na ile mivutano kuhusu nani kamaliza karatasi imepungua sana.

Usalama je? Mwaka 2024 zilitangazwa kasoro kubwa, mojawapo kwenye `cups-browsed`, programu ndogo inayotafuta printa mtandaoni na kusikiliza mlango wa 631. Printa zangu nimeziongeza kwa mkono, kwa hiyo sikuihitaji. Nikaizima kwa `sudo systemctl disable --now cups-browsed`, nikaendelea na kazi. Nakushauri ufanye hivyo hivyo.

Mzee wa uhasibu ndiye ananitia wasiwasi. Printa yake ni ya zamani, haielewi `everywhere` (njia ya kuchapa bila faili maalum la printa), inaishi kwa faili ya PPD, inayoieleza CUPS printa hiyo inaweza nini, na wasimamizi wa CUPS wamesema toleo la 3 litaachana na faili hizo. Nitabaki na 2.4 hadi mashine ile ichoke.

Mwenye printa moja ya waya nyumbani hahitaji kujisumbua na haya. Lakini shule, zahanati au stationari yenye printa mbili na watu wengi wanaozigombea, ichukue kompyuta yoyote iliyolala na ijaribu. Maelezo ya amri niliyoyakuta yalikuwa kwa Kiingereza, na msaidizi wangu yalimchosha. Nimemwandikia ukurasa mmoja wa Kiswahili na kuubandika ukutani juu ya seva: amri sita, kila moja na siku ya kuitumia. Wiki iliyopita nilikuwa safarini Dodoma, printa ya maktaba ikakwama, akaandika `cupsenable maktaba` mwenyewe, ikarudi kazini. Mimi nilipata habari niliporudi.