Cha kumnunulia mtoto anayesoma: kishikwambi, simu, kompyuta au redio?

Siku ya mtoto wa hapa Visiwani imeshajaa. Asubuhi skuli, mchana chuoni kusoma Kurani, alasiri mpira au kutumwa dukani. Kinachobaki ni kile kipande cha baina ya Magharibi na kulala, na hapo ndipo chombo unachotaka kumnunulia kitafanya kazi. Nimevipanga vyombo hivi kwa swali moja: saa hiyo, umeme umekatika na bando limekwisha, bado kitamfundisha? Waliokuwepo Unguja umeme ulipopotea kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanajua kwa nini nauliza.

1. Kishikwambi kilichotumika, cha kampuni inayojulikana

Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 11 hiki ndicho ninachokiweka mbele, na sababu yake haiko mbali. Ng'ambo ya mkondo wa Pemba, mkoani Tanga, vishikwambi viligawiwa watoto wa vijijini karibu 2,700, wengi wao hawajawahi kukanyaga darasa, vikiwa na masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Intaneti haikuhitajika, na chaji ilitoka kwenye jua. Yalikuwa mashindano ya Global Learning XPRIZE, ya programu za kumfundisha mtoto bila mwalimu, yaliyomalizika mwaka 2019 kwa timu mbili, Kitkit School na onebillion, kugawana ushindi. Baada ya miezi 15, wengi ambao mwanzoni hawakuweza kusoma hata neno moja walikuwa wanasoma. Yaani kioo kilichojazwa masomo ya lugha anayoota nayo mtoto kinafanya kazi hata pasipo na mwalimu. Kikiwa na mama pembeni, zaidi.

Tafuta Samsung au Lenovo, RAM isipungue GB 3, nafasi GB 32, na tundu la memori kadi. Cha mtumba kilichotoka Dubai au Ulaya kinafaa kabisa, ila usilipe kabla hujafanya haya mbele ya muuzaji.

Mwambie akifute chote, kirudi kama kilivyotoka kiwandani, kisha kiwasheni upya kwa intaneti ya simu yako. Kikidai akaunti ya mtu aliyekuwa nacho zamani, au kikionesha jina la skuli au kampuni ya nje, kirudishe mezani. Kitakufungia siku usiyoitarajia, na fundi atakutoza kwa kazi isiyo na dhamana.

Mulika tochi ndani ya tundu la chaji. Hewa yetu ina chumvi. Ukiona ukijani au kutu, hicho kimeshakaa ufukweni kuliko wavuvi. Kisha cheza video dakika 20. Chaji ikishuka zaidi ya asilimia 10, betri imechoka, na betri ya kishikwambi si rahisi kupatikana, hasa ukiwa Konde au Micheweni kule Pemba.

Kama kinatumia laini, bonyeza *#06#. Namba ya tarakimu 15 itakayotokea itume kwa ujumbe kwenda 15090, huduma ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuhakiki vifaa. Tangu Juni 2016 vifaa bandia hufungiwa kwenye mitandao ya simu.

2. Simu ya zamani iliyolala kwenye droo

Ningekuwa naangalia mfuko peke yake, hii ingeshika nafasi ya kwanza. Toa laini, futa kila kitu, tia memori kadi, na umeshapata chombo cha kusomea hadithi. African Storybook, maktaba ya mtandaoni, ina hadithi fupi za Kiswahili zenye picha, bure. Ukishazipakua zinasomeka bila bando. Vipindi vya Ubongo Kids na Akili and Me vinavyotengenezwa Tanzania vinafaa hesabu na herufi, na ndani yake watoto wanasikia Kiswahili chao.

Kasoro yake ni udogo wa kioo: watoto watatu hawaenei, na mkubwa ndiye atakayeshika. Betri ikiwa imevimba, hata kidogo, usimpe mtoto.

3. Kompyuta mpakato ya mtumba

Hii ni ya mtoto wa sekondari. Watoto wetu wa kidato cha nne wanafanya mtihani uleule wa NECTA unaofanywa Bara, na anayejizoesha mitihani ya miaka iliyopita kwenye kioo kikubwa, akaandika majibu yake mwenyewe, anapata kitu ambacho simu haimpi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bure tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zinazouzwa mitumbani ni za enzi hiyo. Uliza kama inapokea Windows 11. Kama ni Intel, kwa kawaida iwe ya kizazi cha nane kuendelea. Ikiwa ya chini yake, fundi anaweza kuitia Linux, mfumo mwingine wa bure badala ya Windows, na kwa kazi za skuli inatosha. Sisitiza diski ya SSD. Chromebook, kompyuta mpakato yenye mfumo wa Google, nayo ni nzuri, ila kila moja ina tarehe yake ya kuacha kupokea maboresho. Ifungue uisome kabla ya kutoa pesa.

Muombe pia fundi akuwekee Kolibri, programu ya bure inayohifadhi masomo ndani ya mashine. Nyumba nzima, hata jirani, wanaweza kusoma kupitia waifai yake bila intaneti.

4. Redio ndogo yenye tundu la memori kadi

Wengi wataicheka, mimi siicheki. Mwishoni mwa miaka ya 2000 watoto wa maandalizi hapa Zanzibar walifundishwa kwa redio, kipindi cha Tucheze Tujifunze: sauti inauliza, wao wanajibu, wanaimba, wanaruka. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 5 sauti inamwacha huru kucheza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linataka mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja ya kioo kwa siku, na wa mwaka mmoja asikae nacho kabisa. Redio haimo katika hesabu hiyo.

5. Televisheni na fleshi

Inafaa kwa kuwa wote wanaona pamoja. Mtoto lakini anabaki mtazamaji tu, na umeme ukikatika, mmemaliza.

Usinunue: vishikwambi vya plastiki vya rangi

Nilimnunulia mwanangu kimoja kwa sikukuu, katika duka moja mjini. Boksi lilisema GB 512. Ndani kulikuwa na nafasi isiyotosha hata vipindi viwili, na wiki ya tatu hakikuwaka tena. Alikaa nacho mapajani barazani akikibonyeza, akaniuliza kama yeye ndiye aliyekiharibu. Bei ile ningepata memori kadi na kava la simu niliyokuwa nayo tayari ndani.

Chochote utakachochukua, kijaze masomo kabla hujampa. Siku ya kwanza ndiyo inayomwambia kama hiki ni cha kusomea au cha michezo ya magari. Na usiku kilale chumbani kwenu.