TAHADHARI: Muuzaji wa hita za karavani "zilizokarabatiwa kama mpya"

Wenye karavani za zamani na trela za kulala, someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna jamaa anauza hita za gesi zilizotumika, anadai amezifumua zote, akazikarabati na kuzijaribu. Bei yake iko chini ya ile ya hita mpya, maneno yake matamu, na meseji anajibu hata usiku wa manane. Nilinunua moja kwake. Niliifungua mezani kabla ya kuifunga kwenye karavani, na niliyoyakuta humo ndani ndiyo yamenifanya niandike. Jina lake silitaji kwa sababu halidumu: akilalamikiwa anafuta akaunti na kurudi na jingine. Mbinu ndiyo ileile, kwa hiyo bora muijue mbinu.

Silaha yake kubwa ni video. Utaona feni inazunguka, cheche zinapiga, moto unashika, rangi ya bluu safi kabisa. Ukimuomba uthibitisho mwingine anakujibu, "Si umeona mwenyewe inawaka?" Kweli inawaka. Hii yangu iliwaka kwa sababu alishaitoa ulinzi.

Ndani ya hita hizi kuna swichi ndogo yenye kibapa kinachokaa kwenye njia ya upepo. Feni ikisukuma hewa ya kutosha, kibapa kinalala, swichi inapitisha umeme, ndipo bodi, yaani saketi inayoiongoza hita, inaruhusu vali ya gesi ifunguke. Hewa ikiwa kidogo, gesi haiji. Sasa mota ya hita niliyouziwa imechoka, ekseli inacheza ukiishika kwa vidole, na mzunguko wake wa kivivu hauwezi kukilaza kile kibapa. Dawa ilikuwa kubadili mota. Yeye amechukua kipande cha waya mwekundu, akaiunga ile swichi dairekti, akazungushia tepu nyeusi ili usionekane. Bodi inaamini upepo upo muda wote. Swichi ya joto, ile inayokata gesi hita ikipata moto kupita kiasi, nayo kaiunga dairekti vilevile. Kwa hiyo ukiwasha, moto utashika hata feni ikiwa imesimama.

Halafu nikafika kwenye chemba. Hapa naomba tuelewane vizuri, maana ndipo penye roho za watu. Hita ya karavani ina njia mbili za hewa. Ya kwanza inavuta hewa kutoka nje, inaipeleka kwenye moto, na moshi unarudi nje kupitia tundu la ukutani. Ya pili inachukua hewa ya ndani mnamolala, inaipitisha juu ya chemba ya bati yenye moto ndani yake, na kuirudisha kwenu ikiwa ya joto. Kinachotenganisha njia hizo mbili ni bati la chemba peke yake. Bati hilo linatanuka na kusinyaa kila hita inapowaka na kuzima, na baada ya miaka mingi linapasuka, hasa kwenye mikunjo na maungio.

Chemba ya kwangu ilikuwa inang'aa rangi ya fedha. Hilo peke yake lilinitia shaka, kwa sababu chemba iliyofanya kazi miaka yote hiyo haiwezi kung'aa. Nilipokwangua kwa kucha pembeni ya mkunjo, rangi ikatoka pamoja na unga wa kijivu: simenti ya kuzibia majiko. Chini yake ufa. Nikazima taa ya chumba, nikaingiza tochi ndani ya chemba, na mwanga ukatokeza sehemu tatu. Simenti ile inakauka ngumu, bati linaendelea kutanuka, kwa hiyo inabanduka baada ya muda mfupi wa matumizi, na wewe hutaiona inavyobanduka kwa sababu hita ishafungwa kabatini.

Kinachopita kwenye ufa huo ni kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Wengi wanajipa moyo kwamba gesi ya mtungi inanuka na watashtuka. Ile harufu ni dawa inayotiwa makusudi ili gesi ikivuja ijulikane. Ikishaungua, harufu imekwisha, na pua haikusaidii tena. Kaboni monoksidi hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Mtu anadhani ni mafua. Aliyelala hata hayo hayapati.

Kuna wenzetu watasema wana king'ora cha kaboni monoksidi, basi yamekwisha. Kuwa nacho ni lazima, lakini jueni kinavyofanya kazi. Kwa kiwango cha Marekani, UL 2034, king'ora kwenye hewa yenye sehemu 70 za kaboni monoksidi kwa milioni kinaruhusiwa kukaa kimya kwa saa moja hadi nne. Ikifika 400, kinatakiwa kulia kati ya dakika 4 na 15. Kiliwekwa kwa ajili ya ajali, hakikuwekwa ili kulinda chemba iliyozibwa kwa simenti. Na vinazeeka pia. Angalieni tarehe iliyoandikwa nyuma.

Jambo jingine, kibati cha kiwandani hakipo. Pana matundu mawili ya ribiti na alama ya gundi, basi. Kibati ndicho kinachoeleza modeli, aina ya gesi, presha yake na nguvu ya hita. Bila hicho huwezi kuagiza kipuri, wala huwezi kujua kama jeti, yaani kipande chenye tundu dogo linalotolea gesi kwenye moto, ni ya propani au ya gesi ya bomba, ambayo tundu lake ni kubwa zaidi. Hita ya gesi ya bomba ukiifunga kwenye mtungi inatoa moto mkubwa wenye masizi. Jamaa anasema "hii inaingia karavani yoyote". Hakuna hita ya namna hiyo.

Nilipomtumia picha alinijibu kwamba kwa kuwa nimeifungua, waranti imekufa. Kisha akanifungia. Yaani ukiifungua ukaona uchafu wake, huna haki; usipoifungua, unalala nayo. Huku ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia limeshonwa.

Kama mnalazimika kununua iliyotumika, msiombe video ya moto. Ombeni picha ya kibati inayosomeka, picha ya swichi ya upepo na nyaya zake kifuniko kikiwa wazi, na picha ya chemba ikiwa haijapakwa rangi. Akisita kwenye mojawapo, muage. Chemba iliyopasuka haichomelewi wala haizibwi: inabadilishwa, au hita nzima inabadilishwa. Na kazi ya gesi afunge fundi mwenye leseni.

Lakini utapeli huu unaanza kabla hujanunua, na hapo ndipo wengi wanapoingizwa mjini. Unamweleza kwamba hita yako feni inazunguka ila moto hauji. Hapohapo, bila kuuliza swali lolote, anakwambia bodi imekufa, tupa nunua hita nyingine. Mara nyingi tatizo ni dogo. Betri ikiwa dhaifu feni haifikii kasi, kibapa hakilali, gesi haiji. Pimeni volti feni ikiwa inazunguka, siyo imezima. Kibapa kinaweza kuwa kimekwamishwa na vumbi na nywele za mbwa. Karavani iliyokaa muda mrefu, tazameni tundu la moshi: nyigu hupenda kujenga humo, na buibui huziba jeti kwa utando. Nimeshaona hita iliyohukumiwa kifo ikafufuka kwa brashi tu.

Tena atajitolea kuichukua hita yako mbovu, akupunguzie bei kidogo. Msimpe. Ndiko anakopata mali: yenye kiota cha nyigu anaisafisha na kuiuza, na yenye ufa anaipaka rangi ya fedha kwa ajili ya mwingine. Kama chemba yenu imepasuka kweli, itoeni, muipige nyundo mpaka ikunjike isifae kupakwa rangi, ndipo muipeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu.