TAHADHARI: anayeuza mbegu ya dafnia na mwani wa dumu, msimtumie hela

Wadau wa kambale, yule anayejiita Mtaalamu wa Chakula Hai, mwenye picha ya matangi ya bluu kwenye profaili, ni tapeli. Msimtumie hata mia. Mimi kanipiga 85,000, na ya kutolea nikamwekea juu.

Shida yangu mnaijua. Kifaranga wa kambale akishamaliza kiini, siku ya tatu hivi, anataka kitu kinachochezacheza mbele ya mdomo. Akikikosa anaanza kutafuna wenzake. Artemia ya kopo, vile vijidudu vya maji ya chumvi vya kulishia vifaranga, bei yake mnaijua pia. Ndiyo nikaona nifuge dafnia, yaani viroboto maji, wangu mwenyewe.

Na asije mtu kuniambia angemshtukia. Huyu bwana kazi anaijua! Alinionya kuhusu klorini ya maji ya bomba, kwamba niyaache wazi na niyapige hewa kwanza. Nikamtajia dafnia magna, akanikatalia: wale wanafika milimita 5, mdomo wa kifaranga haupiti, chukua moina, jamaa yao mdogo. Akasema kuwalisha hao moina hamira inasaidia, ila ikizidi kidogo maji yanaoza, kwa hiyo nilishe mwani wa klorela. Yote kweli. Tena nilipotaka kulipa akagoma: "Kaka, maji yako hayajatulia, utaniulia mbegu halafu unilaumu." Tapeli gani anakataa hela?

Halafu usiku akanipigia video. Kashika glasi mbele ya taa, maji ya kijani, ndani vidudu vinaruka, vinashuka, vinaruka tena, kidogo kidogo, vile vile dafnia anavyokwenda. Mke wangu akachungulia begani kwangu: "Eh, kweli wanaruka." Nikatuma hela pale pale, glasi bado iko mkononi mwake.

Mzigo ukaja na basi mpaka stendi ya Msamvu. Dumu la mwani, kijani safi, linang'aa kama soda. Na chupa ya "moina", vidudu vyeusi vyeusi vinajinyonganyonga. Nikamimina kwenye beseni, nikalisha, wakakua haraka. Nikawapiga picha nikamrushia, akajibu, "Hongera kaka, wamekubali."

Wamekubali kweli. Wakaota mabawa. Nimenunua MBU, jamani. Morogoro hii, mbu wa bure wamejaa kila mtaro, mimi nimewalipia nauli ya basi! Jirani ameshanipa jina, silitaji hapa.

Ule mwani ni rangi ya keki tu. Haukuongezeka, haukutulia chini, na kitambaa cheupe nilichochujia kimegoma kutakata hata kwa jiki. Vifaranga nikawakimbizia kiini cha yai la kuchemsha, maji yakachafuka, wengi wamekufa na waliobaki wametafunana mikia.

Nikimpigia hapokei. Nikachukua laini ya mke wangu, mlio wa kwanza tu: "Karibu mteja." Yaani bado yuko kazini! Namba yake nimeshaituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, na polisi nimefika, lakini kufungiwa laini kwa mtu kama huyu ni mapumziko tu, kesho ana nyingine.

Mlioniuliza dalili: moina anaruka katikati ya maji. Anayejinyonganyonga na kupanda juu kuvuta pumzi ni kiluwiluwi wa mbu. Maji ya mwani hai yana ukungu, huoni upande wa pili vizuri. Na ukimwambia unakuja kuchukua mwenyewe, leo yuko Goba, kesho Kigamboni, keshokutwa amefiwa. Kafiwa na shangazi mara mbili huyu.

Afungwe. Na kabla ya kufungwa alazwe chumba kimoja na beseni langu, bila chandarua, bila feni, mpaka arudishe hela na ya kutolea. Mwenye kujua anapokaa aje inbox, nauli ya kumfuata ninayo.